Mzee wa Goti

Baba yangu alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: kwamba wachezaji wa tenisi hawamalizani kwa mpira. Mpira kwake ulikuwa maonyesho tu, kama vile mtu anavyomzungusha fahali sokoni ili wanunuzi waone anavyotembea. Mambo yenyewe huamuliwa mwishoni, wanaposogea wavuni na kushikana mikono.

"Angalia vidole," alikuwa akiniambia, ameinama mbele mpaka kofia yake inakaribia kugusa televisheni. "Wewe unaangalia uso. Uso ni ya kudanganya watu. Angalia vidole."

Baba alikuwa dalali katika soko la mifugo la Isiolo, na dalali wa kwetu hataji bei kwa mdomo. Watu wamekuzunguka, kila mmoja ametega sikio, ukisema bei umejimaliza. Kwa hiyo anatupa shuka juu ya mkono wake na wa mnunuzi, na chini ya hilo shuka vidole vinazungumza. Kidole kinashikwa, kingine kinaminywa, kiganja kinakwaruzwa, huku juu wawili hao wanaulizana kama mvua imenyesha Garbatulla. Mkono ukishatoka pale, neno limekwisha. Aliyewahi kulivunja neno la chini ya shuka alihama soko mwenyewe bila kufukuzwa.

Sasa mtu kama huyo aone wanaume wawili waliokimbizana mchana kutwa, halafu wanakutana katikati na kushikana mikono juu ya kitambaa kilichotandazwa uwanja mzima. Ungemwambia nini? Nilijaribu. Nilimweleza kwamba wanapongezana.

"Mtu amekushinda mbele ya dunia yote, unampongeza nini?" aliniuliza. "Hapo wanaelewana. Shida yao ni kitambaa. Wameweka chini sana, kila mtu anaona."

Tenisi iliingia nyumbani kwetu kwa sababu ya fahali. Fahali mmoja aliyetoka Ngaremara alimgonga Baba goti la kulia, na daktari akaamuru akae chini mpaka lipone. Kaka yangu anayefanya kazi Nairobi akaona huruma, akatuma dishi na king'amuzi ili mzee atazame mpira wa miguu. Baba aliukataa siku ileile. Watu wengi mno, alisema, huwezi kujua nani amekosea. Akabonyeza rimoti ovyo kwa hasira, na hapo ndipo alipowakuta watu wawili tu, kila mmoja upande wake, na mwamuzi amekaa juu ya kiti kirefu hagusi kitu. Aliuliza, "Na huyu wa juu ni dalali?" Hakungoja jibu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kuishi kwa wazazi kwa sababu zisizohusiana na tenisi. Nilikuwa na kibanda cha kuuza madera mjini, na nikifunga jioni nilikuwa nakuta baraza limeketi sebuleni: Baba kwenye mto wake, mguu umenyooshwa, na jirani yetu, mwanamke muuza miraa kutoka Meru, akiwa mlangoni anafunga vifurushi vyake kwa majani ya mgomba. Mama hakuwa mmoja wao. Yeye alikuwa na maziwa yake ya ngamia ya kupokea, kuchuja na kuuza, na alikuwa akipita mbele ya televisheni na mitungi makusudi, tena polepole.

Ndani ya muda mfupi Baba alikuwa anawajua wachezaji wote kuliko alivyowajua wajukuu zake. Majina hakushika hata moja. Aliwajua kwa tabia, kama anavyojua mifugo na wakwe. Kulikuwa na kijana mrefu aliyezungumza na taulo lake kila baada ya pointi. Huyo Baba alisema amelelewa na bibi. Kulikuwa na dada mmoja mwenye mabega mapana aliyekuwa akipiga mpira bila kutabasamu, akishinda hatabasamu, akipewa kikombe hatabasamu. Huyo Baba alimpenda sana. "Huyu hata ukimuuzia ngamia kilema atajua kabla hujamaliza salamu," alisema. Kulikuwa na mwingine mzuri wa sura, nywele zimefungwa kitambaa, aliyekuwa anaanguka chini akishika paja kila anapoelekea kushindwa, kisha akipewa dakika za kutibiwa anaruka kama mwanambuzi. Baba alikuwa akimwona tu anasonya. Ngamia wa aina hiyo aliwajua: akiona mzigo, analala.

Jirani yetu yeye mtu wake alikuwa mvunja raketi. Kijana mweusi wa nyusi, mwenye hasira za kuzaliwa, aliyekuwa akikosa mpira mmoja anaipiga raketi chini mpaka inakunjika, kisha anachomoa nyingine mkobani kana kwamba zinaota humo.

"Huyo ndiye mwanaume," jirani alikuwa akisema. "Ako na roho. Akikasirika unajua amekasirika."

"Jirani, huyo huwezi mpatia msichana," Baba alimjibu.

"Nani amesema msichana? Niko hapa mimi mwenyewe."

Walikuwa wakicheka mpaka Mama anatoka jikoni kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Kitu kilichomfurahisha Baba zaidi ni kugundua kwamba watu hawa hawana kwao. Nilimsomea kwenye simu: wiki hii mji huu, wiki ijayo ng'ambo, masanduku hayafunguliwi, watoto wanakulia hotelini. Tena wana msimu wa udongo mwekundu, na udongo ukiisha wanahamia kwenye nyasi, na nyasi zikiisha wanaenda kwenye saruji. Baba aligeuka akaniangalia. "Hawa ni wafugaji," akasema. Tangu siku hiyo aliwaheshimu kikweli, ingawa ule uwanja wa nyasi ulimtia uchungu kila ulipofika. Majani yote yale, mabichi, yamekatwa sawasawa, na hakuna hata mbuzi mmoja.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolitaja mara nyingi, akijifanya analisema hewani. Mchezaji akishinda, kabla hajakaa, kabla hajanywa maji, anainua macho kuwatafuta watu wake kwenye viti vya juu. Mke yuko pale. Amekuja kumwona kazini.

"Angalia huyu," Baba alisema siku moja Mama akipita na mtungi. "Mke amepanda ndege, ametoka huko kwao, ndiyo aone bwana yake akifanya kazi."

"Huyo mke hana maziwa ya kuuza," Mama alijibu.

"Mimi nimefanya kazi hapo sokoni tangu nikuoe. Sijawahi kukuona."

"Nikae wapi? Juu ya mavi?"

Akaenda zake. Baba akarudi kwenye tenisi, akatazama tangazo la sabuni mpaka mwisho kana kwamba lilikuwa na maana.

Mtu wake mwenyewe Baba, yule wa moyoni, alikuwa mchezaji mkongwe mwenye bandeji goti la kulia. Wanaotangaza walimwita mzee kila baada ya sentensi mbili. Mama alipomwona mara ya kwanza aliweka mtungi chini. "Huyu ndiye mzee? Huyu ni rika la kifungua mimba wangu!" Ni kweli alikuwa na umri ambao kwetu mtu bado anatumwa dukani. Lakini goti lilikuwa limemzeesha. Alikuwa akichechemea kati ya pointi, anajipangusa jasho, na ukishamhurumia vya kutosha anapeleka mpira pembeni kabisa, polepole, mahali ambapo yule kijana wa upande wa pili hajawahi kufikiria. Hakuwa na nguvu tena. Alikuwa na hila tupu. Baba alikuwa akipiga mto kwa kiganja. "Dansa! Dansa kabisa!" anasema, yaani safi kwa lugha ya kwetu, na kulisugua goti lake.

Goti la Baba likapona, au yeye akatangaza kwamba limepona. Alichukua fimbo yake akarudi sokoni. Hakumaliza mwezi. Safari hii hakuwa fahali. Alikuwa beberu, tena wa Leparua, tena mdogo, aliyepita katikati ya miguu yake akikimbilia lori. Baba alibebwa nyumbani kwa mkokoteni wa mitungi ya maji, akiwa ameketi wima na fimbo mkononi ili watu wadhani amekodi.

Mama hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alimkanda goti kwa maji ya moto na chumvi, kisha akasema, "Mzee, imetosha. Utakaa."

"Nikikaa nitakuwa nini?" Baba akauliza.

Mama akakamua kitambaa cha kukandia. Televisheni ilikuwa inaendelea, na mzee wa goti alikuwa anachechemea humo. Baba akamwonyesha kwa kidevu. "Siku huyu ataweka raketi chini, na mimi nitaweka fimbo."

Alidhani ametoroka. Hakumjua mkewe. Mama alivua mtandio wake wa juu, akautupa juu ya mkono wa Baba, akaingiza na wake. "Sema hivyo hapa," akamwambia. Sijui kama mwanamke yeyote wa nyumba yetu alikuwa amewahi kufanya hivyo. Baba alitazama mtandio kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Kisha bega lake likashuka, vidole vikasogea chini ya kitambaa, na mikono ikatoka. Neno likawa limekwisha.

Basi kuanzia kesho yake Mama akawa shabiki wa tenisi. Shabiki wa kila mtu anayecheza na mzee wa goti.

Sijawahi kuona chuki ya namna ile ikifuata ratiba. Alijua mzee wa goti yuko nchi gani na anacheza na nani. Alipangiwa kucheza na yule mwangukaji wa paja, Mama akamwombea dua mwangukaji. Alipangiwa mvunja raketi, Mama na jirani wakakaa mkeka mmoja wakishangilia pamoja, mmoja kwa mapenzi na mmoja kwa hila, na mvunja raketi akavunja tatu akashindwa. Mama alitoka nje akawamwagia kuku maji. Mzee wa goti alikuwa akifungashwa virago leo na wanaotangaza, kesho unamwona amejitokeza mji mwingine na bandeji mpya. Baba alikuwa anakunywa chai yake kwa sauti kubwa tu.

Lakini huwezi kumtazama mtu hivyo, siku baada ya siku, ukabaki vilevile. Mama alianza kumlaumu daktari wa mzee wa goti, kwamba hajui kufunga bandeji. Kisha akasema mtu yule anakosa maziwa ya ngamia. Kisha macho yake yakahamia kwa mke wa yule mtu, aliyekuwa akikaa viti vya juu na miwani myeusi, ameshika kinywa.

"Kwa nini hamkatazi?" Mama aliniuliza, kana kwamba mimi ningejua.

"Labda amemkataza."

"Na bado anakuja kukaa hapo?" Aliendelea kumtazama. "Angalia vile anakula kucha, maskini."

Siku ilipofika, ilifika mchana wa kawaida, Mama akiwa ameshika chujio. Mzee wa goti alishindwa na kijana mmoja mpole aliyekuwa akiomba radhi kila mpira ukigusa wavu. Walishikana mikono muda mrefu, na kijana hakutaka kuuachia ule mkono. Baba alisogea mpaka akawa karibu ndani ya televisheni. Kisha mzee wa goti akapewa kipaza sauti, akasema amemaliza, hatacheza tena. Akalia hadharani, mtu mzima yule, na uwanja mzima ukasimama. Mimi ndiye niliyetafsiri. Natamani lingekuwa jukumu la mtu mwingine.

Nilimtazama Mama nikitegemea kuona furaha. Alikuwa amesimama, maziwa yanamdondokea miguuni.

Baba aliinuka akishikilia ukuta. Akachukua fimbo, akaiegemeza nyuma ya mlango, pale panapowekwa mwavuli na fagio. "Neno ni neno," akasema, akaenda kutawadha.

Sasa nikwambie jinsi dalali anavyostaafu. Wiki ya kwanza alipanga upya jiko la Mama. Wiki ya pili alianza kukagua wageni: mtu anakuja kutusalimia, Baba anamwangalia meno. Alimwambia jirani yetu kwamba jogoo wake ana kifua kipana, na alipoulizwa auzwe bei gani, akafumba mdomo akaingia ndani. Na baadaye akaacha hata hayo. Akawa anakaa kwenye mto wake, televisheni imezimwa, mikono juu ya magoti. Siku za soko tulikuwa tunasikia malori yakipita na mifugo ikilia, naye alikuwa akigeuza kichwa kufuata sauti mpaka inapotea. Niliumia. Nilikuwa nimemzoea akinigombeza kwa kutoangalia vidole, na nyumba isiyo na ugomvi wake ilinitisha kuliko fahali na beberu wote.

Mama ndiye aliyeiwasha televisheni. Alidai anatafuta habari. Nilikuwa nimefunga kibanda mapema, na jirani alikuwa mlangoni na miraa yake, kwa hiyo tulikuwepo wote alipopiga yowe.

"Mzee! Kuja uone! Kuja haraka!"

Baba alitoka chumbani akidhani moto. Kwenye televisheni yule kijana mpole alikuwa anacheza, na juu, kwenye viti vya watu wake, ameketi mzee wa goti. Kofia kichwani, bandeji hakuna, amenyoosha mguu kwenye kiti cha mbele. Alikuwa anampigia kijana makelele, anaonyesha kwa mkono: kule, kule pembeni! Na kijana akapeleka kule. Pembeni yake mkewe, miwani ileile, kucha hazimo kinywani.

"Amekuwa kocha," nikasema.

Baba akakitazama kiganja chake. "Mimi niliweka mkono," akasema. "Haiwezi rudi."

"Imewekwa na mkono, inatolewa na mkono," Mama akajibu. Mtandio ulikuwa tayari umevuliwa.

Alikataa. Mama akamkalisha. Akautupa mtandio juu ya mikono yao, na yale yaliyofuata niliyaona usoni tu, mahali ambapo nilikuwa nimeonywa maisha yangu yote kwamba ni pa kudanganyia watu. Baba alikunja uso. Mama akatazama dari, akamuuliza jirani kama Meru kumenyesha. Jirani, bila kuelewa, akaeleza habari za mvua kwa kirefu. Mtandio ukatikisika. Baba akatikisa kichwa. Mama akaongeza kitu. Na ghafla baba yangu, ambaye kwa miezi hakuwa ameonyesha jino, akacheka kwa sauti mpaka kofia ikaanguka.

"Wewe! Huwezi!" akamwambia.

"Nimesema. Toa mkono."

Mikono ikatoka. Tuliuliza, tukabembeleza, jirani akatoa hata kifurushi cha miraa bure kwa ajili ya kuambiwa tu. Hakuna aliyetuambia bei.

Siku ya soko iliyofuata nilifunga kibanda nikaenda kuchungulia, kwa sababu mimi ni mtoto wa wale watu na sijui kukaa mbali na mambo. Vumbi lilikuwa limejaa, ng'ombe wamebanana, madalali wanaitana. Baba alikuwa pale na fimbo yake, lakini hakuwa katikati ya wanyama. Alikuwa amekaa kando ya ua kwenye kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa, anawapigia vijana makelele wapi wasimame na fahali gani wamgeuze. Wanyama waligeuzwa na vijana. Mkono wa chini ya shuka ulikuwa bado wake. Wanunuzi walimfuata kitini.

Na upande wa pili wa ua, mahali penye mavi kuliko popote, kulikuwa na kiti cha pili. Mama alikuwa amekikalia, wima, dera jipya kutoka kibandani kwangu ambalo hakuniambia amelichukua, thamosi miguuni, na usoni miwani myeusi. Maziwa sijui aliyauza nani siku hiyo. Wanaume walikuwa wanapita wakimtazama mara mbili. Yeye alikuwa anamtazama mmoja tu, na ameshika kinywa.

Mnunuzi mmoja wa ngamia alikaa na Baba kwa muda mrefu. Shuka likatupwa, wakazungumza mvua. Shuka likatikisika, likatulia, mikono ikatoka. Ngamia akauzwa. Mama akasimama akapiga makofi. Peke yake, katika soko lile ambalo hakuna aliyewahi kupigiwa makofi, na mazungumzo yote ya karibu yakakatika.

Nilitaka kujificha. Mnunuzi alikuwa amenyoosha mkono amuage Baba, lakini Baba hakuuona. Alikuwa ameshainuka nusu kitini, kofia mkononi, anatafuta ng'ambo ya ua, juu ya migongo ya ng'ombe, mpaka akampata.